Mutombo hana pete, sawa. Sasa hesabu mipira ambayo haikuingia

Kuna kinyozi mmoja mtaani kwetu hapa Eastlands ambapo watu hawaendi kunyolewa tu. Unaketi, unafungwa kitambaa shingoni, na kabla mashine haijawashwa tayari umeulizwa: Jordan ama LeBron? Ukijibu vibaya unaweza kutoka na kichwa nusu.

Juzi swali lilikuwa tofauti. Mmoja wetu alisema Dikembe Mutombo ni kati ya Waafrika bora kabisa waliowahi kucheza NBA. Jamaa aliyekuwa kwenye kiti hata hakugeuza shingo. "Huyo hana pete, bana. Stori kwisha."

Nikaanza kumtetea Mutombo. Kabla sijafika mbali mwingine akaniokoa, ama alidhani ananiokoa: "Lakini si alijenga hospitali?" Wote wakatikisa vichwa polepole kama watu walio matangani, na mjadala ukafia hapo.

Tangu siku hiyo nina donge. Na si na yule wa pete peke yake. Donge langu kubwa ni na yule wa hospitali.

Mutombo alifariki Septemba 30, 2024, akiwa na miaka 58, baada ya kuugua saratani ya ubongo. Rambirambi nyingi nilizosoma zilipita njia ile ile: moyo mkubwa, sauti nzito, kidole, hospitali. Yote ni kweli. Lakini ukimsifu seremala kwa sadaka alizotoa bila kutaja hata kiti kimoja alichokichonga, umemnyima haki yake. Huyu mtu alifanya kazi misimu 18 kwenye ligi ngumu kuliko zote duniani. Wacha kwanza tuongelee kazi.

Alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1966. Alipofika Marekani mwaka wa 1987 alikuwa amepata ufadhili wa masomo, na nia yake ilikuwa kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Georgetown kule Washington. Kiingereza kilikuwa bado kinampiga chenga. Ila ukiwa na futi saba na inchi mbili huwezi kupita karibu na uwanja wa kikapu bila kocha kukuona, na kocha wa hapo alikuwa John Thompson, mtu aliyejua thamani ya warefu. Mwaka wa kwanza hakuichezea timu kubwa ya chuo. Aliutumia kusoma lugha na kujifunza mchezo. Udaktari aliuacha, lakini masomo hakuyaacha: alitoka na digrii ya isimu na diplomasia. Alizungumza lugha tisa, tano kati yake za Afrika. Mimi nina tatu na moja ni Sheng, kwa hivyo hapo nanyamaza.

Mwaka wa 1991 Denver Nuggets walimchukua katika nafasi ya nne. Msimu wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 16.6 na ribaundi 12.3 kwa mechi, akaitwa kwenye mechi ya All-Star. NBA ilimkaribisha kwa namna yake: Novemba mwaka huo, Michael Jordan alisimama kupiga mtupo wa adhabu mbele yake, akafumba macho, akaingiza. Video hiyo bado inazunguka. Ukiandika jina la Mutombo mtandaoni, utaiona mapema tu. Fikiria hilo kidogo. Mtu amecheza mechi 1,196 za msimu wa kawaida, na kitu kinachokumbukwa haraka ni pointi moja aliyofungwa na mwingine.

Sasa hapa ndipo nataka tukae.

Mei 7, 1994, Denver walikuwa Seattle. Seattle SuperSonics walikuwa wameshinda mechi 63 msimu huo, hakuna timu iliyowafikia. Walikuwa na Gary Payton na Shawn Kemp. Denver walikuwa wameshinda 42 na kuingia mchujo wakiwa wa nane, yaani wa mwisho kabisa kupitia mlangoni. Mfululizo ulikuwa wa mechi tano, wa kwanza kufikisha tatu. Seattle wakashinda mbili za kwanza. Kufikia hapo wengine walikuwa washaanza kupanga ratiba ya raundi inayofuata.

Denver wakashinda ya tatu. Wakashinda ya nne katika dakika za ziada. Ya tano, ugenini, pia ikaenda dakika za ziada, na ikaisha 98-94. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya NBA kwa timu ya nane kumtoa wa kwanza. Picha iliyobaki ni ya Mutombo amelala chali sakafuni, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya uso, anacheka kama mtoto aliyefichua kitu. Alikuwa amedaka ribaundi ya mwisho. Siku hiyo alikuwa na ribaundi 15 na bloku 8. Kwa mechi zote tano, bloku 31.

Thelathini na moja. Yaani mara 31 mchezaji wa timu bora ya ligi alifika karibu na kikapu, akainua mpira, na mkono wa Mkongo ukautoa njiani. Lakini hata hiyo hesabu haitoshi, na mtu yeyote aliyewahi kucheza chini ya kikapu anajua kwa nini. Ukishazimwa mara mbili, ya tatu huendi. Unafika nusu ya njia, unamwona amesimama pale, unageuza mpira na kumpa mwenzako aliye mbali, naye anarusha kutoka mahali asipopataka. Anakosa. Karatasi ya takwimu inasema fulani amekosa. Mutombo hapo hajaandikiwa chochote. Sifuri.

Hii ndiyo shida ya kazi ya ulinzi, si kwa Mutombo tu. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kitu hakitokei, na kitu ambacho hakikutokea hakina video. NBA yenyewe haikuanza kuhesabu bloku rasmi mpaka msimu wa 1973-74. Bill Russell alistaafu 1969 akiwa amezima mipira ambayo hakuna anayejua idadi yake. Alibahatika kwamba alikuwa na pete 11 za kumtetea.

Mimi pia niliwahi kucheza namba tano, shule ya upili, kwa sababu moja tu: nilikuwa mrefu kuliko wengine na mwalimu hakuniuliza. Karatasi ya mechi iliyokuwa ikijazwa mezani ilikuwa na nafasi ya pointi na faulo, basi. Kwa hivyo ukizisoma karatasi zile leo utaona: pointi 4, faulo 4. Pointi 2, faulo 5. Mtu wa kupiga wenzake. Siku ya kutoa zawadi, zawadi ya mchezaji bora ilienda kwa aliyefunga nyingi, miaka yote mitatu niliyokuwa timuni. Sisemi nilistahili. Nasema hakuna aliyekuwa na njia ya kujua.

Turudi kwa Mutombo, yeye angalau alihesabiwa kiasi. Bloku 3,289. Yuko nambari mbili katika historia ya ligi nzima, na aliye juu yake ni Hakeem Olajuwon mwenye 3,830. Soma hiyo orodha tena: wa kwanza kazaliwa Lagos, wa pili Kinshasa. Wengine wote, Kareem Abdul-Jabbar akiwemo, wako nyuma ya Waafrika wawili. Kwa kinyozi chetu hilo halikutajwa hata siku moja.

Tufanye hesabu ya mtaani. Chukulia kwamba nusu tu ya mipira ile ingeingia, na kila mmoja una thamani ya pointi mbili. Hizo ni pointi 3,289 alizofuta kwenye ubao wa wapinzani. Kisha kuna ribaundi 12,359. Pointi zake mwenyewe ni 11,729. Yaani huyu mtu alidaka mipira mingi kuliko pointi alizofunga, na bado alichaguliwa All-Star mara 8. Makocha na mashabiki wa wakati ule waliona kitu ambacho sisi na simu zetu tumekipoteza.

Tuzo ya mlinzi bora wa mwaka alipewa mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Wenye nne kama yeye ni Ben Wallace na Rudy Gobert. Ya 2001 aliipata akiwa na miaka 34, mwaka aliohamishwa katikati ya msimu kutoka Atlanta Hawks hadi Philadelphia 76ers ya Allen Iverson.

Halafu kile kidole. Kuna watu wanadhani kidole kilikuwa madharau tu. Anazima mpira, anainua kidole cha shahada, anakitikisa kushoto kulia: hapana, hapana, hapana, si kwenye nyumba yangu. Ligi iliona ni kebehi ikaanza kumpigia faulo akikielekeza usoni kwa mpinzani. Akaamua kuwageukia mashabiki na kuwatikisia wao. Jordan mwenyewe alimrudishia mwaka wa 1997: alimdunkia juu ya kichwa kwenye mchujo, kisha akamtikisia kidole. Sawa, bao la Jordan.

Lakini mimi naona kidole kile kilikuwa na akili. Mfungaji ana shangilio lake, wavu unatikisika, spika zinalia jina lake. Mzuiaji ana nini? Mpira umepotea, mchezo unaendelea, wote washakimbia upande wa pili. Kidole kilisimamisha kitu hicho kwa sekunde mbili. Kilisema: mlichokikosa kuona ni hiki hapa. Ndiyo maana watoto ambao hawajawahi kumwona akicheza bado wanakitikisa kwenye viwanja vya lami vya mitaani.

Najua mtaniuliza: na Shaq je? Haki yenu. Fainali ya 2001, Philadelphia dhidi ya Los Angeles Lakers, mlinzi bora wa mwaka alikutana na Shaquille O'Neal, na Shaq akapata wastani wa pointi 33 kwa mechi. Lakers wakashinda 4-1. Ukizitazama mechi zile utamwona Mutombo akisukumwa na kiwiko hadi chini ya ubao kama kabati linalohamishwa nyumba. Siwezi kuipamba. Wala sidai kwamba alikuwa mshambulizi mkubwa. Mikono yake ilikuwa mizito mbele ya kikapu na mwendo wake haukuwa wa kuvutia. Ukimweka kando ya Olajuwon, Olajuwon anashinda, kwa sababu alizima na akafunga pia. Nambari moja ni nambari moja.

Ila tazama pia upande wa pili wa hadithi. Lakers wa 2001 walishinda mechi zote za mchujo isipokuwa moja. Hiyo moja waliipoteza kwa Philadelphia. Hakuna aliyemzuia Shaq mwaka huo, si Mutombo, si ukuta wa saruji.

Alirudi fainali mwaka wa 2003 akiwa na New Jersey Nets, wakalala 4-2 mbele ya San Antonio Spurs. Hizo ndizo fainali zake mbili, na pete ni sifuri. Hapo ndipo jamaa wa kinyozi anafunga faili.

Basi tuongee pete. Kati ya 1991 na 1998, miaka ambayo Mutombo alikuwa na nguvu zake zote, pete 8 ziligawanywa kwa timu mbili: Chicago ya Jordan ilichukua 6, Houston ya Olajuwon ikachukua 2. Ukiwa hukuvaa jezi mojawapo ya hizo, hukupata kitu. Charles Barkley hakupata. Patrick Ewing hakupata. Karl Malone na John Stockton hawakupata. Kwa upande mwingine, Robert Horry ana pete 7, moja zaidi ya Jordan. Horry alikuwa mchezaji mzuri na shuti zake za dakika za mwisho zilikuwa noma, lakini nionyeshe kinyozi kimoja Nairobi ambapo mtu anasema Horry alimshinda Jordan. Hakuna. Kwa hivyo hata wanaopenda pete hawaiamini hesabu yao wenyewe. Wanaitoa mfukoni pale tu wanapotaka kumnyamazisha mtu.

Pete ni ya timu, na timu ni mambo mengi: mwenye klabu, pesa, majeraha, bahati ya kuchagua chipukizi, na kama Jordan amestaafu mwaka huo au la. Ina uzito, sikatai. Ningekuwa nayo ningelala nayo. Lakini kuitumia peke yake kumpima mlinzi ni kama kumpima mlinzi wa lango la benki kwa pesa zilizo ndani.

Sisi Wakenya tunapaswa kulijua hili zaidi. Februari 2021 Morans waliwapiga Angola 74-73 kule Cameroon. Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11! Shuti ya Tylor Ongwae ya sekunde za mwisho sote tunaikumbuka, na tulirudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mimi niliirudia video hiyo mpaka bando ikaisha. Lakini ni pointi moja. Ukiongeza kikapu kimoja tu kwa Angola, popote katika zile dakika 40, shuti ya Ongwae haishindi mechi. Kwa hivyo kuna mtu mahali fulani, labda robo ya pili, aliinua mkono na mpinzani akakosa. Niambie ni nani. Hata mimi sijui, na najiita shabiki.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye kazi ya Mutombo, zaidi hata ya ile siku ya Seattle, ni Houston. Alienda huko 2004, akiwa mzee kwa viwango vya mchezo, kuwa msaidizi wa Yao Ming. Januari 2007, akiwa na miaka 40, alimpita Kareem kwa bloku. Msimu uliofuata Houston Rockets walikuwa wameshinda mechi 12 mfululizo Yao alipovunjika mguu. Watu wakasema basi. Babu wa miaka 41 akaingia kwenye kikosi cha kwanza, na wakashinda mechi nyingine 10. Ishirini na mbili mfululizo. Hakufunga nyingi. Alisimama pale chini ya kikapu, akafanya alichokifanya tangu 1991. Aprili 2009 goti lilimwangusha katika mechi ya mchujo dhidi ya Portland, akatolewa nje, na hakucheza tena. Aliingia Jumba la Mashujaa wa kikapu mwaka wa 2015. Atlanta na Denver wote wameistaafisha jezi yake nambari 55.

Sasa ndiyo, hospitali. Mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa wakati jiji lilikuwa kwenye vurugu na haikuwezekana kumfikisha hospitalini. Mwaka wa 2007 mwanawe alifungua hospitali yenye jina lake, vitanda 300, na mamilioni ya dola za ujenzi yalitoka mfukoni mwake. Kabla ya hapo, kwenye Olimpiki za Atlanta mwaka wa 1996, aliwalipia wanawake wa timu ya kikapu ya Zaire jezi na gharama za safari. Baadaye aliwekeza katika NBA Africa, kampuni iliyo nyuma ya ile ligi ya BAL ambayo Nairobi City Thunder waliingia 2025, timu ya kwanza ya Kenya kufika huko.

Lakini pesa hizo zilitoka wapi? Hakuokota. Kila kitanda pale Kinshasa kimelipwa na kazi ambayo jamaa wa kinyozi anasema haihesabiki. Ndiyo maana nakataa hospitali itumike kama msamaha, eti hakushinda lakini alikuwa mtu mzuri. Alikuwa mtu mzuri, na alikuwa mmoja wa wazuiaji wawili wakubwa zaidi waliowahi kuhesabiwa.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Kuna dogo mmoja tunayecheza naye Jumapili. Yuko Kidato cha Nne, ana futi sita na inchi saba, na anataka kutuma video kwa vyuo vya Marekani atafute ufadhili. Aliniletea simu nimsaidie kuchagua. Vipande vilikuwa 14. Vyote ni dunki na shuti za pointi tatu, na za tatu, kusema ukweli, huwa anaingiza moja katika sita. Hii ni timu ambayo wapinzani hawaji chini ya kikapu kwa sababu yake. Nikamuuliza bloku ziko wapi. Akaniangalia kama nimeuliza picha za kitambulisho.

"Kaka, nani ataangalia hizo?"

Nilimtumia mechi ya Mei 7, 1994. Nikamwambia aanze robo ya nne, na asimwangalie mwenye mpira hata mara moja, amwangalie tu nambari 55. Jumatano usiku akanijibu kwa ujumbe mmoja: ameona kwamba Kemp aliacha kuja.

Jumapili hii anakuja na simu tena. Tunaanza upya, na mimi ndiye nitakayekata.